Kipande Kisicholimwa

Mwanangu wa kwanza aliishi zaidi ya mwaka mzima bila jina la babu yake, ingawa jina lilikuwepo na lilikuwa likimngoja tangu akiwa tumboni. Lilizuiwa. Nasema lilizuiwa kwa sababu nimechoka na watu wanaosimulia mambo ya miaka ile ya tisini kana kwamba yalijitokea yenyewe, kama mvua ya mawe. Kuna mtu aliyesema lisitolewe, kuna watu waliotikisa vichwa kukubali, na kuna majibu ya damu ambayo kila mmoja wao alidhani ameyaelewa.

Mimi ni Mkuria wa Kegonga. Mume wangu nilimpata sokoni kwetu, alikokuja kuuza omena, dagaa wa ziwani, na kununua mahindi. Alikuwa na maneno matamu na mizani isiyopunja, na kwa msichana wa miaka yangu hayo mawili yalitosha. Nikamfuata hadi Sori, ziwani, kwenye boma la marehemu baba yake. Mimi sikujua Kijaluo, yeye hakujua Kikuria, na mama yake alijua Kijaluo na Kiswahili cha kuuzia samaki basi. Kwa hiyo nyumba yetu iliendeshwa kwa Kiswahili, na mpaka leo maneno makali niliyoambiwa nayakumbuka kwa Kiswahili kilichopinda. Waliniita nyar Kuria, binti wa Kuria, maana kule mke huitwa kwa kwao. Sikulichukia jina hilo. Lilinikumbusha kwamba nina kwetu.

Wajaluo humpa mtoto majina mawili. La kwanza ni la saa aliyozaliwa, na hilo halina mjadala: ukizaliwa alfajiri ni lako, mvua ikinyesha ni lako, hata ukizaliwa ukiwa mzigo kwa kila mtu. La pili ni la marehemu wa ukoo, na hilo ndilo linalokuingiza ndani. Wanasema marehemu mwenyewe hulidai, akimjia mtu ndotoni. Baba mkwe wangu alifariki muda mfupi kabla sijashika mimba, na mimba ilipoanza kuonekana mama mkwe aliamka asubuhi moja akasema amemwota mzee amekaa mlangoni pangu akiomba maji ya kunywa. Jambo likawa limekwisha. Nilipojifungua mvulana, yule mama alicheka mpaka akakaa chini, akanipikia kambare mzima, akasema sitashika jembe mpaka nipate nguvu. Alinipenda siku zile, na mimi nilimpenda. Ndugu wa mzee walikuwa Kendu Bay. Ikasemwa wangojwe, waje, jina liitwe mbele yao.

Kabla hawajaja, mtoto akashikwa na homa. Alikuwa bado mchanga, shingo haijakaza. Viganja vyake viligeuka vyeupe, akawa halii tena bali anakoroma tu. Mume wangu na mimi tukampeleka hospitali mjini Homa Bay. Walimtoa damu, wakamlaza, wakampa dawa ya malaria, na baada ya siku kadhaa akaanza kunyonya kwa fujo kama mtu anayedai haki yake. Nilishukuru Mungu. Siku ya kuruhusiwa nilikuwa nimempakata kwenye benchi la nje, na daktari akamwita mume wangu kando. Walisimama kwenye korido, karibu kabisa, ningeweza kuwarushia kandambili. Sikuitwa. Mume wangu aliporudi hakunitazama usoni, akabeba kikapu, tukaondoka. Njia nzima nilidhani anawaza hela za hospitali.

Nilijua kesho yake. Mama mkwe alinikuta nikianika omena, akasimama upande wa pili wa wavu.

"Nyar Kuria," akasema, "hospitali imesema hii mtoto iko na hiyo kitu. Imezaliwa nayo. Haitakaa."

"Nani amesema haitakaa, mama?"

"Daktari ameambia bwana yako. Damu imeonyesha."

Hiyo kitu. Hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina lake wakati ule, hata waliokuwa wakizika kila wiki kwa sababu yake. Nilikaa chini palepale juu ya omena. Nikamtazama mwanangu amelala kwenye kanga, mashavu yamejaa, na nikalia mpaka nikakauka. Kitu kimoja sikukiwaza siku hiyo, na wao hawakukiwaza, na yule daktari kama alikiwaza alikaa nacho: mtoto ambaye hajatembea popote, hajajua mtu, ugonjwa kama huo ameutoa wapi? Ulichukuliwa kuwa mali yake, kana kwamba ameshuka nao kutoka mawinguni. Hatukupimwa, si mimi wala baba yake. Mimi nilikuwa na nguvu, nachota maji, nakaanga samaki, nacheka na wateja. Nani atamtilia shaka mwanamke anayecheka?

Wale wa Kendu Bay walikuja kama walivyoahidi, ila jina halikuitwa. Walikaa kwenye viti vya mbao, wakanywa chai, wakanishika mkono mmoja mmoja na kuushikilia kwa muda mrefu, namna watu wanavyomshika mfiwa. Mtoto alikuwa mgongoni mwangu akipiga chafya. Mama mkwe ndiye aliyetoa hukumu.

"Jina ya mzee haiwezi kwenda kwa udongo mara mbili," akasema. "Hii inaenda. Tungoje ingine."

Wakatikisa vichwa. Mume wangu naye akatikisa. Wakaona wana hekima sana, wamelinda jina la marehemu lisipotee bure. Nilitamani kuwamwagia ile chai.

Kisha ukaja msimu wa kupanda. Yeyote aliyeishi kule anajua kwamba mke hatii mbegu ardhini kabla ya mama wa boma. Mama mkwe hutangulia, anaonyesha wapi patalimwa na wapi pataachwa, anadondosha mbegu zake, ndipo wengine wafuate. Ukimtangulia unaleta chira, yaani ile laana ya mwiko inayomkondesha mtu mpaka anyauke, na tayari kulikuwa na minong'ono kwamba huenda mimi mgeni nilipanda mboga zangu mapema mwaka uliotangulia na ndiyo sababu ya yote. Basi asubuhi ile alitoka na jembe, nikamfuata nyuma na mtoto mgongoni. Akapima shamba linalozunguka nyumba yangu. Alipofika upande wa kushoto wa mlango, karibu na ukuta, akapaacha. Akapaacha padogo, mraba ambao ungetosha mkeka wa mtoto, akaendelea ng'ambo.

"Hapa, mama?" nikauliza.

"Hapa wachana nayo."

Mahindi yalipoota, kile kipande kikabaki na majani ya mwituni. Kila nilipofungua mlango nilikiona. Kila mgeni aliyekuja alikiona pia, halafu akamtazama mtoto, halafu akatazama pembeni. Yule mtoto alikuwa akijifunza kukaa, na kaburi lake lilikuwa limeshatengwa kama kiti cha mgeni wa heshima.

Kwa kuwa anaenda, hakupewa vitu. Si kwamba walimtesa, la, hawakuwa wanyama. Walikuwa wapole kwake, upole wa kuudhi. Ila supu ya samaki ilienda kwa watoto wa jirani kabla yake, maana wale walikuwa na safari ndefu. Nilipompeleka kudungwa sindano za watoto, mume wangu aliuliza sindano za nini tena. Nilienda hivyo hivyo. Hata jina la saa ya kuzaliwa watu waliacha kulitumia. Akawa "hii" tu. Hii imekula? Hii imelala? Na yeye alikuwa akiitika, anacheka, anatambaa kuwafuata.

Alipofika karibu miezi tisa nilipata ruhusa ya kwenda Kegonga kumwona mama yangu. Mtoto alikuwa na kikohozi, nikashuka Migori nikampeleka kwa daktari mmoja, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimweleza kila kitu kwa mkupuo, kama mtu anayetema. Alimpima kifua, akasema ni mafua. Kisha akaniuliza:

"Na wewe, mama, ulipimwa?"

"Mimi siumwi."

"Sijauliza kama unaumwa."

Akavuta kiti karibu. Akanieleza polepole, akisimama kila mara kuona kama nimemfuata. Kipimo kile, alisema, hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hujitengenezea virusi vikishaingia. Mtoto akiwa tumboni, mama humpa askari wake, wa magonjwa yote, wazuri wote, ili asizaliwe mtupu. Kwa hiyo mtoto mchanga ukimtoa damu, askari utakaowaona ni wa mama yake.

"Unafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Nakaanga samaki."

"Ukimbeba huyu siku nzima, jioni ananuka nini?"

"Samaki."

"Amekaanga?"

Akaendelea, sasa kwa sauti ya chini: huyu anaweza kuwa ameambukizwa, anaweza kuwa hajaambukizwa, na wengi huwa hawajaambukizwa. Lakini majibu yale hayawezi kusema. Hao askari wa mama huisha taratibu, na akifika mwaka na nusu watakuwa wamemwishia. Akipimwa hapo, kitakachoonekana ni chake mwenyewe. Tena kuna maziwa, akasema, maana virusi hupita kwenye maziwa pia. Huyu sasa anaweza kula uji, na kama naweza kumpatia maziwa ya ng'ombe, ni heri nimwachishe sasa.

"Kwa hiyo majibu yake yalikuwa..."

"Yako," akasema. "Pole, mama. Walipaswa kukuambia."

Nilikaa Kegonga siku chache, sikumwambia hata mama yangu. Sitadanganya kwamba nilifurahi kwa ajili ya mtoto. Nilifurahi, halafu hapo hapo nikashikwa na hofu iliyokula ile furaha yote. Maana niliona mtego waziwazi. Ili mwanangu atolewe kwenye kile kipande cha ardhi, ilibidi niwaeleze kwa nini damu yake ilisema vile. Na nikiwaeleza, nitakuwa nimejiweka mimi mahali pake. Hakukuwa na njia ya kumsafisha bila kujichafua. Nikawaza kukaa kimya mpaka afikishe mwaka na nusu, apimwe, wajionee. Ningekaa kimya pia, ninajijua, nina kifua. Ila maziwa hayakungoja.

Niliporudi Sori nikampa uji na kumnyima titi. Alilia siku mbili. Mama mkwe akaja jikoni.

"Nyar Kuria, mbona unanyima hii titi? Mtu mwenye anaenda hawezi nyimwa. Wacha anyonye mpaka siku yake."

Alisema kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Alikuwa na machozi machoni. Alidhani mimi ndiye sina huruma. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni akishona wavu, akasema nimpe mtoto anachotaka, kelele zimezidi. Wakati huo mtoto alikuwa amenishika nguo kwa mikono miwili akivuta.

Nikasema. Nilisema nikitazama moto, bila kusimama, nisije nikashindwa. Daktari wa Migori ameniambia ile damu haikuonyesha ugonjwa wa mtoto. Imeonyesha wangu. Mimi ndiye ninao. Mtoto huenda hana, atapimwa akifika mwaka na nusu, na maziwa yangu ndiyo yanaweza kumpa. Nikamgeukia mume wangu nikamwambia, na wewe inafaa ukapimwe, kwa sababu mimi nilikuja hapa msichana.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mkwe aliinama, akamtoa mtoto mapajani mwangu, akavibandua vidole vyake kwenye nguo yangu kimoja kimoja, akaondoka naye. Akalala naye usiku huo, na usiku uliofuata, na usiku wote baada ya hapo. Yaani aliniamini. Maneno yangu yote aliyaamini papo hapo, ila lile la mwisho tu, la mwanawe kupimwa, ndilo halikumwingia.

"Mimi niko mzima," mume wangu alisema. "Mwanamume hawezi pimwa kwa sababu bibi ni mgonjwa. Wewe ndiyo umetoka nayo huko kwenu."

"Kwetu ulinikuta na mama yangu na ng'ombe," nikamjibu. "Hao ndio niliokuwa nikilala nao nyumba moja."

Akaendelea kushona wavu.

Tangu hapo mwanangu alikula vizuri. Maziwa yalipatikana, samaki alitolewa miiba, uji ulitiwa sukari, na sauti za nyumba zilibadilika akipita. Mimi nilipewa kikombe changu, cha bati, kilichotundikwa msumari wake nje ya jikoni. Wateja wa samaki walipungua mpaka nikaacha kukaanga. Nilikuwa nikimwona mtoto ng'ambo ya ua akijifunza kutembea kwa kushika nguo za bibi yake, na akija mbio kwangu, anaitwa arudi. Nilimwonea wivu yule mama, nilimchukia, na nilimshukuru kwa kumlisha. Yote kwa siku moja, kila siku. Watu husema moyo wa mtu ni mmoja. Sijui ni moyo wa nani huo.

Muda ulipofika, mama mkwe na mume wangu ndio waliompeleka Homa Bay, hospitali ileile. Mimi niliachwa na kuku. Walirudi jioni, na nilimsikia yule mama kabla sijamwona, akipiga vigelegele tangu langoni. Mtoto hana. Damu ni safi.

Jumapili akasimama kanisani akashuhudia kwamba mjukuu wake alizaliwa na hiyo kitu na Bwana amemponya. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Nilikuwa kwenye benchi la nyuma, na hakuna aliyekaa benchi hilo ila mimi. Nilitaka kusimama niwaambie hakuna kilichopona. Hakuwahi kuwa nacho. Mlimlilia mtoto asiyeumwa akiwa hai, mkamnyima supu na jina, kwa askari waliokuwa wa mama yake. Lakini ningesimama nani angenisikia? Waliokuwa wakiniangalia walikuwa wakiangalia nimekondea wapi.

Jina likaitwa wiki hiyohiyo. Kendu Bay yote ilikuja safari hii. Mtoto akanyolewa, kuku wakachinjwa, na mkubwa wa ukoo akalitamka jina la mzee kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani. Mwanangu alikuwa mkubwa wa kutosha kugeuka na kuangalia ni nani anayeitwa. Mimi nilisikia kutoka nyuma ya jiko. Nilikuwa nimeamka alfajiri nipike, nikaambiwa kwa upole kwamba wake wa majirani watapika.

Msimu uliofuata, mama mkwe alitoka tena na jembe, nikamfuata tena. Mgongo wangu ulikuwa mtupu. Alipofika upande wa kushoto wa mlango nilitarajia ataingia, atalima, atatia mbegu kwenye kile kipande, maana mwenyewe alikuwa akikimbiza vifaranga nyuma yetu akiitwa kwa jina la babu yake. Hakuingia. Alisimama, akanitazama kwa kuibia, akarudi nyuma hatua chache, akaanza kulima mbali kidogo kuliko mwaka ule mwingine. Kipande kikawa kirefu. Kikawa cha mtu mzima.

Sikuuliza safari hiyo. Nilichukua mbegu zangu nikapanda alipoonyesha.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini mume wangu alipoanza kukohoa. Wakasema ni vumbi la omena, kisha wakasema ni baridi ya ziwa, kisha ni chira niliyoleta mimi. Hakupimwa. Nilimwogesha, nilimlisha, nikafua mashuka yake, na yeye alikunywa maji kwenye kikombe changu cha bati bila kulalamika, maana mwisho ni mimi tu niliyekuwa nikimpa maji. Tulikuwa hatuna la kubishania tena. Alifariki mvua za masika zikiisha.

Mwanamume mwenye nyumba huzikwa upande wa kulia wa mlango wake, mke na watoto kushoto. Upande wa kulia ulikuwa umelimwa wote, mpaka ukutani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwachia nafasi. Kipande cha kushoto kilikuwepo, kimekaa wazi, kinanisubiri, na sasa nina nywele nyeupe, nameza dawa zilizokuja miaka iliyofuata, na bado hakijanipata. Siku ile ya kumchimbia kaburi vijana walikuja na majembe wakasimama, hawajui waanzie wapi. Mama mkwe ndiye aliyeingia kwanza, akaanza kung'oa mahindi kwa mikono, mabichi, yenye ndevu. Mimi nikaingia nyuma yake, kama desturi inavyotaka, tukang'oa pamoja mpaka mahali pa mtu pakatokea. Yale yaliyokuwa yamekomaa kidogo tuliyachemsha, wakala waliokuja kulia.